Gari dogo la 4x4 shambani: mteremko wa kupita na mteremko wa kuacha

Leo tunaweka pembeni habari za mbegu na ukungu wa viazi, tuzungumzie gari. Usishangae. Wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini siku hizi wana vigari vidogo vya 4x4, hasa Suzuki: Samurai za zamani, Jimny na Escudo. Ni vyepesi, havili mafuta kama Land Cruiser, na vinapita kwenye vijia ambavyo Fuso haiwezi hata kuchungulia. Msimu wa kuvuna viazi ukifika, vinaingizwa mpaka katikati ya shamba, mteremko wowote ule, magunia ndani, mengine juu ya keria, na vijana wawili wameketi juu ya magunia.

Hao vijana wawili ndio wamenifanya niandike somo hili. Gari likilala ubavu, dereva aliyefunga mkanda ana paa na vyuma vya kumkinga. Aliyeketi juu ya gunia hana kitu. Yeye anatangulia chini, gari linamfuata.

Kwa hiyo tuelewane mapema: nazungumzia gari kulalia upande, yaani pale unapopita kwa ubavu wa kilima, magurudumu ya upande mmoja yako juu na ya upande mwingine yako chini. Kupanda na kushuka moja kwa moja nitakugusa pia, maana mara nyingi ndiyo njia salama zaidi kwa dereva, ingawa kwa udongo ina shida yake.

Kwa nini gari linapinduka

Kila gari lina kitovu cha uzito, yaani ile sehemu ambayo ungesema uzito wote wa gari umekusanyika hapo. Sasa fikiria timazi ya fundi ujenzi imening'inizwa kwenye kitovu hicho. Gari likiwa tambarare, uzi wa timazi unaangukia katikati ya magurudumu. Gari likilala, uzi unasogea kuelekea gurudumu la chini. Uzi ukishavuka nje ya gurudumu la chini, gari limeondoka, na hapo udereva hodari hausaidii.

Maana yake ni kwamba mambo yanayoamua ni mawili: upana kati ya magurudumu, na urefu wa kitovu kutoka ardhini. Jimny ile ya umbo la 1998 hadi 2018 ina upana wa kama mita 1.36 kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia. Nusu yake ni sentimita 68. Tuchukue kwamba kitovu chake, gari likiwa tupu, kiko sentimita 65 kutoka ardhini. Ukipiga hesabu ya pembe unapata nyuzi 46 hivi. Ndiyo sababu utasikia watu wakisema "hili gari linalala mpaka nyuzi 45". Likiwa tupu, limesimama, juu ya ubao mgumu unaoinuliwa polepole, sikatai. Shambani zile nyuzi 46 zinaliwa kidogo kidogo, kama mahindi kwenye ghala lililoingiwa na dumuzi.

Zinaanza kuliwa na springi. Gari likilalia upande, springi za chini zinabonyea, za juu zinanyooka, kwa hiyo bodi inalala zaidi kuliko ardhi yenyewe. Tairi za chini nazo zinabonyea. Na wewe uliyeweka springi ndefu ili gari "lisimame" vizuri, jua umepandisha na kitovu.

Unakuja mzigo. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Gari lina kilo 1,050. Weka gunia moja la kilo 100 juu ya keria, mita 1.9 kutoka ardhini. Kitovu kinapanda kutoka sentimita 65 hadi karibu 76, na zile nyuzi 46 zinashuka hadi 42. Weka la pili: kitovu kinafika sentimita 85, nyuzi zinabaki chini ya 39. Magunia mawili tu yamekula nyuzi saba, na gari bado halijagusa shimo lolote. Nimehesabu gunia la kilo 100 linalokubalika kisheria. Lumbesa, mbali ya kukuibia sokoni, inakuibia na huku mlimani. Halafu soma kitabu cha gari lako: uzito unaoruhusiwa juu ya paa la gari dogo ni makumi machache ya kilo. Haijaandikwa gunia.

Mzigo mwingine wa hatari ni pipa la maji ya kupulizia dawa likiwa nusu. Pipa lililojaa limetulia. Pipa nusu, gari likilala, maji yote yanakimbilia upande wa chini, yaani uzito unahamia kule kule ambako hutaki uende. Jaza au mwaga. Madumu ya maziwa ni hivyo hivyo.

Kisha shimo. Magurudumu yote mawili ya upande wa chini yakiingia kwenye mtaro wa sentimita 20, kwa upana ule wa mita 1.36 umeongeza nyuzi 8 na nusu papo hapo. Kama wakati huo huo magurudumu ya juu yamepanda tuta la sentimita 20, umeongeza 17. Jumlisha mwenyewe: mteremko wa nyuzi 20, shimo 8, springi na tairi tuseme 4, tayari uko 32. Na kikomo chako kwa magunia mawili juu kilikuwa chini ya 39. Kilichobaki ni nyuzi chache tu, na mtikisiko mmoja wa jiwe unazimaliza.

Samurai zina jambo la ziada. Ni nyembamba kuliko Jimny, na ni fupi: kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.03 tu kwa lile la kawaida. Huenda umesikia kwamba jarida la Consumer Reports la Marekani mwaka 1988 liliandika kuwa gari hilo halikubaliki kwa sababu linapinduka kirahisi. Suzuki walipinga, wakafungua kesi, na mwaka 2004 wakamalizana kwa makubaliano. Ugomvi ule ulikuwa wa lami, mwendo kasi na kukwepa kitu ghafla, kwa hiyo usiuchanganye na somo la leo. Ila mwenye gari jembamba aendelee kukumbuka kuwa ni jembamba.

Kuteleza kwanza, kujikwaa baadaye

Ukiwauliza walioona gari likipinduka shambani, wengi watakuambia lilianza kwa kuteleza. Nyasi zina umande, au udongo wa mfinyanzi umelowa, gari linaanza kushuka kwa ubavu pole pole. Kuteleza kwenyewe hakupindui gari. Kinachopindua ni pale gurudumu la chini, likiwa linateleza, linapogonga kitu: kisiki cha mkaratusi, jiwe, au ukingo wa tuta la kontua. Magurudumu yamesimama, bodi inaendelea kwenda. Ni kama mtu anayekimbia akajikwaa.

Ndiyo maana mteremko ule ule uliopita salama mwezi wa nane unaweza kukuangusha mwezi wa pili. Ukisema "mbona nilipita hapa juzi", juzi ardhi ilikuwa kavu.

Pima kabla ya kuwasha gari

Macho yanadanganya kwenye mteremko, hasa ukiwa umekaa ndani. Vifaa vya kupimia unavyo tayari kama uliwahi kuchimba matuta na sisi. Chukua fito iliyonyooka ya mita 1 na pimamaji. Ncha moja igusishe ardhi ya upande wa juu, fito ilale sawa kwa pimamaji, halafu pima wima kutoka ncha ya pili hadi chini. Sentimita unazopata ndiyo asilimia ya mteremko. Ukitumia fremu ya A na timazi yake ni sawa pia, bora ujue kuisoma.

Sentimita 27 ni nyuzi 15. Sentimita 36 ni nyuzi 20. Sentimita 47 ni nyuzi 25, na 58 ni nyuzi 30. Ziandike kwenye hiyo fito kwa kalamu ya wino, usizibebe kichwani.

Viwango ninavyowapa wakulima wangu ni hivi. Chini ya sentimita 27, ardhi kavu na hakuna matuta, pita kwa ubavu, mzigo ukiwa chini, hakuna mtu juu. Kati ya 27 na 36, tembea kwanza kwa miguu njia yote, ondoa mawe, fukia mashimo, pita gari likiwa tupu. Kuzidi 36, usipite kwa ubavu kabisa. Najua kuna madereva watacheka kwamba nyuzi 20 ni kidogo. Wao wanacheza siku ya Jumapili, gari tupu, winchi mbele na wenzao wa kuwavuta. Wewe una viazi, mvua inakuja, na anayekusubiri sokoni anapiga simu kila dakika kumi.

Kanuni za zamani za matumizi ya ardhi za Kenya zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Hiyo ni kama nyuzi 19. Walikuwa wanafikiria udongo, si magari, lakini namba imeangukia karibu pale pale.

Shamba la mzee mmoja

Mzee mmoja wa tarafa yangu ana shamba la viazi chini ya barabara ya kijiji. Kufika kwenye shamba kwa kuzunguka ni mwendo mrefu. Kukata kwa ubavu wa kilima ni kama mita 140. Akaniita niangalie mahali pa kupitisha gari.

"Bwana shamba, gari hili ni la milimani, haliogopi."

"Shikamoo mzee. Gari haliogopi kweli, ila tupime."

Tukapima sehemu tano. Nne zilikuwa kati ya sentimita 29 na 34. Ya tano, karibu na kisima cha zamani, ilitoa 41. Hiyo ni nyuzi 22, na udongo wake ulikuwa na unyevu hata wakati wa kiangazi. Akaniambia vijana wangesimama upande wa juu wa gari, wakaning'inia, kulisawazisha. Hii nimeiona vijiji vingi na naomba iishe. Gari likiteleza ghafla, aliyening'inia anarushwa au anaburuzwa. Na anayesimama upande wa chini akisukuma kwa mikono ili "lisianguke", huyo anajaribu kuzuia tani nzima kwa mabega.

Tulichokubaliana ni kukata njia. Walichimba kiangazi, watu sita, majembe na sururu, upana wa mita 3. Mambo ya kuzingatia kwenye njia kama hiyo nitayaeleza sasa, kwa sababu hapa ndipo dereva na mtaalamu wa udongo wanapopatana.

Njia inayolalia mlimani

Wengi wanachimba upande wa juu, wanatupa udongo upande wa chini, wanasawazisha, wanaona njia ni pana. Nusu ya hiyo njia ni udongo uliomwagwa. Gurudumu la chini likikanyaga pale, unadidimia, na umerudi kwenye hesabu ya shimo. Magurudumu yote mawili yakae kwenye udongo mgumu uliokatwa. Ule uliomwagwa uache uwe ukingo, panda majani ya Guatemala au setaria, ng'ombe watakula.

Njia isiwe sawa kabisa, wala isiinamie bondeni. Iinamie mlimani, sentimita 4 au 5 kwa kila mita. Gari likiteleza siku ya mvua, litateleza kuelekea kwenye ukuta wa udongo. Utakwaruza rangi ya mlango, basi. Upande huo wa ndani chimba mfereji mdogo wa maji, uishie kwenye njia ya maji yenye nyasi, usiumwage kwenye shamba la jirani.

Ukifuata kontua kwa fremu ya A, njia hii inafanya kazi kama tuta: inakatisha maji yanayoshuka. Wenye matuta ya fanya juu wasipitishe njia juu ya tuta lenyewe. Tuta likivunjwa na tairi sehemu moja tu, maji ya shamba zima yatatafuta pengo hilo.

Kupanda na kushuka moja kwa moja

Kama huna njia ya kukata na ni lazima ushuke, shuka moja kwa moja, pua ya gari ikitazama bondeni. Urefu wa gari ni mkubwa kuliko upana wake, kwa hiyo linastahimili zaidi. Weka gia nzito, ile ya alama 4L, gia namba moja, acha injini ilishikilie gari. Usikanyage klachi, usiweke nyutro. Gari lako halina 4L, kama RAV4? Basi mteremko wa kuzidi nyuzi 20 uache.

Kupanda, chagua gia chini kabisa kabla ya kuanza, usibadilishe katikati. Injini ikizimika katikati ya mlima, usijaribu kugeuza gari. Kugeuza ndiko kunakolileta ubavu kwenye sehemu kali kuliko zote. Kanyaga breki, ingiza rivasi ukiwa bado kwenye 4L, washa, rudi kinyumenyume kwa mstari ule ule, usukani umenyooka.

Shida ya njia hii ni udongo. Alama mbili za tairi zinazoshuka moja kwa moja ni mifereji miwili. Mvua za kwanza zikiwakuta hapo, mwakani mna korongo. Pita kwenye mgongo wa kilima wenye nyasi, si kwenye udongo uliolimwa, na ukimaliza kuvuna katua alama zote kwa jembe, tandaza masalia ya viazi au mahindi juu yake. Mara nyingi nawaambia watu: acha gari barabarani, bebesha punda. Punda ana miguu minne na akili.

Ukilazimika kupita kwa ubavu

Mtu mmoja tu ndani, dereva, amefunga mkanda. Magunia yote sakafuni, yaliyolazwa upande wa juu wa mteremko na kufungwa kamba yasibingirike. Keria tupu. Upepo wa tairi usipunguze sana. Tairi laini la upande wa chini linaweza kuvuka rimu, na hapo gari linaanguka sentimita kadhaa kwa mkupuo. Mwenzako atembee mbele na upande wa juu, akikuonyesha mawe. Asitembee chini ya gari hata hatua moja.

Nenda polepole kwa mwendo mmoja. Ukihisi upande wa juu umekuwa mwepesi, au gari limeanza kuteleza, geuza usukani kuelekea bondeni na kanyaga mafuta kidogo, toa mguu kwenye breki. Mwili wote utakuambia geuza juu, ukimbie bonde. Ukigeuza juu, magurudumu ya mbele yanapanda na gari linabingirika. Ukigeuza chini, pua inafuata mteremko na linasimama sawa. Sasa unashuka, endelea kushuka, utafikiria baadaye utarudi vipi. Kwa sababu hiyo, kabla hujaanza, angalia kama huko chini pana nafasi ya kushukia. Kama chini ni genge au mto, hilo peke yake linatosha kukuambia usipite.

Mikono ibaki ndani. Watu hupoteza mikono kwa kuitoa dirishani wakidhani watashikilia ardhi. Usiruke pia.

Gari likisimama limening'inia, usitoke haraka. Uzito wako wa upande wa juu huenda ndio unaolishikilia. Walio nje wafunge kamba kwenye chesi kutoka upande wa juu, waizungushe kwenye mti imara, kisha utoke kwa mlango wa nyuma au wa juu.

Likishalala

Zima swichi, msivute sigara, petroli huvuja. Msisimame upande wa bondeni hata kama limetulia, linaweza kubingirika tena. Livuteni kwa kamba mbili, moja ya kuvuta na moja ya upande wa pili ya kulizuia lisipitilize, watu wakae mbali na kamba iliyokazwa.

Likisimama kwa magurudumu, usiliwashe. Oili inakuwa imeingia kwenye silinda, na ukipiga starta pistoni itakutana na oili isiyobanika, utapinda vyuma vya ndani. Toa plagi zote, zungusha injini mara kadhaa mpaka oili itoke, futa plagi, angalia kipimo cha oili, maji ya betri na mafuta ya breki, kagua usukani. Ndipo urudishe plagi na uwashe. Litatoa moshi mwingi kwa dakika chache, hiyo ni oili iliyobaki inaungua.